Bahati Nasibu na Imani ya Kikristo: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Makanisa ya Mtwara na Mwambao wa Ruvuma

Kwa Waheshimiwa Maaskofu, Mapadre, Wachungaji, Makatekista na Wazee wa Kanisa wa Mkoa wa Mtwara.

 

Bahati nasibu ni mchezo ambao watu wengi hutoa fedha kidogo kidogo, fedha hizo zikakusanywa mahali pamoja, mwendeshaji akaondoa gharama na faida yake, serikali ikachukua kodi, na kinachobaki wakapewa wachache ambao hawakukifanyia kazi, hawakukidai kwa haki, wala hawakupewa kwa sababu wana shida kuliko wengine. Kubeti mpira, mashine za dubwi na michezo ya namba kwenye simu hutofautiana kwa sura tu. Njia ya fedha ni ileile: hutoka mifukoni mwa wengi, hupita kwa mwenye mchezo, huishia kwa wachache.

Nchini Tanzania michezo hii ni halali mbele ya sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuruhusu watu wazima wa kuanzia miaka 18 kucheza. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa nayo ilianza upya, ikiendeshwa na kampuni ya ITHUBA. Kwa hiyo Mkristo wa Mikindani, Newala au Msimbati anayeuliza kama acheze au asicheze haulizi habari za polisi. Anauliza kama mtu anayesali Baba Yetu, akaomba mkate wa kila siku, anaweza kutoka ibadani akautafuta mkate huohuo kwenye hasara ya jirani yake. Jibu linalotetewa katika barua hii ni kwamba hawezi, na kwamba viongozi wa makanisa wamechelewa kulitoa jibu hilo kwa ukamilifu wake. Hoja zake ni hizi.

1. Mafundisho yapo, ila hayajafika benchi la mwisho.

Kanisa halikuanza jana kulijadili jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 4 mtaguso uliofanyika Elvira, Hispania, uliamua kwamba Mkristo anayecheza dadu kwa fedha atengwe na Komunyo, na akiacha mchezo arudishwe baada ya mwaka mmoja. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza makleri kucheza michezo ya dadu, na hata kuwa karibu na wanaoicheza. Kwa upande wa Waprotestanti, John Wesley aliwafundisha wafuasi wake katika karne ya 18 kwamba Mkristo ana ruhusa ya kutafuta mali kwa bidii yote, alimradi mali hiyo isipatikane kwa kumwumiza jirani katika mali yake, mwili wake au roho yake. Kwa kipimo hicho michezo ya fedha haikupita.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2413, ni ya upole zaidi, na upole huo unapaswa kuelezwa kwa uaminifu. Haisemi kwamba kila mchezo wa bahati au kila dau ni dhambi kwa asili yake. Inasema mchezo haukubaliki kimaadili pale unapomnyima mtu kile anachokihitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumfanya mtu mtumwa. Wapo wanaokishika kifungu hicho kama kibali. Lakini sharti lake ndilo hasa linalovunjwa kila siku katika mkoa ambao fedha ya dau hutoka kwenye unga wa watoto, karo ya shule na mtaji wa kuchuuza samaki. Mahali ambapo wachezaji wengi ni maskini, ruhusa ya Katekisimu hubaki na nafasi ndogo mno.

Tatizo basi si uhaba wa mafundisho. Waumini wengi hawajawahi kuyasikia. Wanachosikia ni karipio la nusu dakika wakati wa matangazo, kati ya mchango wa mabati na ndoa zinazotangazwa: vijana waache kubeti, basi. Kijana aliyekaa benchi la mwisho, simu mfukoni na mkeka wa kubetia mechi za jioni umeshasukwa, anabaki na maswali yake. Kwani Biblia haina kura? Kwani mvuvi naye habahatishi? Kwani parokia haikuuza tiketi za droo mwaka jana? Maswali hayo si ya utundu. Ni maswali ya mtu anayefikiri, naye anastahili kujibiwa na mtu aliyefikiri pia.

2. Kura ya Maandiko haifanani na tiketi.

Ni kweli kwamba kura imejaa katika Biblia. Nchi ya Kanaani iligawanywa kwa makabila kwa kura. Mabaharia waliomchukua Yona walipiga kura. Mitume walipotaka kuziba nafasi ya Yuda walimpata Mathiya kwa kura, na Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba kura hutupwa na mwanadamu lakini uamuzi wake hutoka kwa Bwana.

Katika matukio hayo yote hakuna aliyeweka dau. Mathiya hakununua nafasi ya utume, na yule aliyeshindanishwa naye hakurudi nyumbani akiwa amepungukiwa hata senti. Kabila lililopata bonde halikulipwa kwa mali ya kabila lililopata mlima. Kura ilikuwa njia ya kugawa kilichokuwepo tayari, bila upendeleo, mbele ya Mungu na kwa sala. Tena kura ya Mathiya ilipigwa kabla ya Pentekoste. Baada ya Roho Mtakatifu kushuka, Matendo ya Mitume hayaonyeshi tena Kanisa likichagua mtu kwa kura.

Ipo kura moja katika Injili iliyopigwa ili mtu ajipatie mali. Askari waliomsulubisha Yesu waliipigia kura kanzu yake chini ya msalaba. Anayetafuta kielelezo cha bahati nasibu katika Agano Jipya aanzie hapo.

3. Mvuvi na mkulima hawachezi kamari.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika mwambao huu, na ndilo linalopuuzwa zaidi mimbarani. Mvuvi wa Msimbati anayesukuma ngalawa alfajiri hajui atarudi na nini. Bamvua na maji mafu havileti samaki sawa, kusi na kaskazi vina tabia zake, na ipo siku wavu hupanda na mwani mtupu. Mkulima wa Tandahimba hajui kama mikorosho yake itapatwa na ubwiriunga, wala bei ya mnada wa kwanza. Wote wawili wameweka mtaji, jasho na muda kwenye jambo lisilo na uhakika. Kijana akisema kwamba na yeye ameweka buku lake, yaani shilingi elfu moja, kwenye jambo lisilo na uhakika, mhubiri asiyejiandaa hukosa la kujibu.

Jibu limo katika kuangalia mali inatoka wapi. Mvuvi akirudi na ndoo tatu za dagaa, hakuna nyumba yoyote pwani iliyopungukiwa kwa sababu yake. Dagaa wale hawakuwemo katika soko, sasa wamo. Mama mchuuzi atawachemsha, atawaanika, atawauza, mwenye chombo atapata fungu lake, mwenye nyavu lake, na mabaharia lao, mtoto atakula. Kazi yake imeongeza kitu duniani. Mvuvi akirudi mikono mitupu, hasara ni yake, lakini nayo haijamtajirisha mtu aliyekaa akisubiri akosee. Mkorosho nao ukizaa, umezaa. Ukikauka, hakuna mwenye ofisi anayefurahia kukauka kwake.

Bahati nasibu haizai chochote. Hakuna samaki mpya, hakuna kilo mpya ya korosho, hakuna kiti kilichochongwa wala mgonjwa aliyetibiwa. Kila shilingi anayopokea mshindi ilikuwa ya mtu mwingine asubuhi ile, naye aliitoa akitumaini kuchukua ya wenzake. Ili mmoja ashinde milioni kumi, lazima maelfu wapoteze zaidi ya milioni kumi, maana mwendeshaji na serikali wameshachukua chao. Tumaini la mchezaji haliwezi kutimia pasipo maelfu hao kukosa. Amri ya kumpenda jirani na ile ya kutotamani mali yake haziwezi kukaa moyoni pamoja na tumaini la namna hiyo. Jirani anayepoteza haonekani, na hiyo ndiyo sababu dhamiri haishtuki. Mshindi hawezi kumtambua aliyempa. Zakayo alipotubu aliahidi kurudisha mara nne kwa wale aliowadhulumu, kwa kuwa aliwajua. Aliyeshinda bahati nasibu hana hata mlango wa kubisha.

Petro na wenzake walikesha wakivua bila kupata kitu, kisha kwa neno la Bwana wakashusha nyavu tena. Waliambiwa warudi kazini. Watu wa Msimbati, Mikindani na Shangani wanaijua habari hiyo kwa miili yao, na hakuna mahali katika Tanzania ambapo tofauti kati ya riziki isiyo na uhakika na mali ya kamari ingeweza kuhubiriwa kwa nguvu kuliko hapa.

4. Hesabu ya mkeka na msimu wa korosho.

Mahubiri dhidi ya kubeti mara nyingi hutaja dhambi bila kutaja hesabu, ilhali vijana wa siku hizi wanaijua hesabu. Mchezo wa kuchagua namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 9 kwa mpangilio wake, una michanganyiko 1,000. Ili uwe wa haki, mshindi angelipwa mara 1,000 ya dau lake. Hakuna mwendeshaji anayeweza kufanya hivyo na biashara yake ikasimama. Mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, unaojulikana duniani kote, una michanganyiko karibu milioni 14. Mkeka nao hudanganya kwa namna yake. Mtu anasuka mechi kumi, kila moja anaiona ya uhakika. Tuseme kweli kila moja ina nafasi 70 kati ya 100. Nafasi ya zote kumi kutimia kwa pamoja ni chini ya 3 kati ya 100. Ndiyo maana mkeka huchanika kwa timu moja tu, na anayeusuka huamini kwamba alikaribia, akarudi kesho.

Shilingi 1,000 kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Mwezi Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe na kulituma jeshi kuzisomba, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, buku la kila siku ni kilo 110 za korosho: kupalilia, kupulizia salfa, kuokota chini ya miti, kutenganisha na mabibo, kuanika, kubeba hadi chama cha ushirika (AMCOS). Kilo 110 zimeingia kwenye simu na hazikurudi.

Namna fedha inavyoingia Mtwara huongeza hatari. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho ghalani, mnada ukafanyika, na malipo yakaja kwa mkupuo. Kati ya Oktoba na Januari kijiji kizima huwa na fedha, kisha miezi inayofuata huwa na njaa. Msimu huo wa fedha ndio mashine za dubwi zinapopelekwa vijijini, zikawekwa kwenye kibaraza cha duka, taa zake zikiwaka mchana. Zinakula sarafu za mia mbili. Mtoto aliyetumwa sabuni anasimama pembeni akiangalia jinsi mkubwa anavyobonyeza, na siku ya pili anabonyeza mwenyewe. Sheria inasema miaka 18, mashine haiulizi. Mkulima aliyemaliza fedha yake kabla ya mvua huishia kwa kangomba, akauza korosho za msimu ujao kwa bei ya kutupa zingali ua mtini. Makanisa yamezoea kukemea kangomba, na yana haki. Ila anayekemea kangomba bila kugusa dubwi lililomsukuma mkulima huko ameshika mkia wa jambo.

Ipo pia historia inayoufanya moyo wa mtu wa kusini uwe mwepesi wa kuamini utajiri wa ghafla. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Mradi ukaachwa mwaka 1951, ukaacha nyuma bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na matumaini yakapanda hata Mtwara ikawaka moto mwaka 2013, watu wakipinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Watu walioahidiwa kwa miaka zaidi ya sitini kwamba neema kubwa iko njiani hawahitaji kushawishiwa sana waamini tangazo la redio linalosema leo ni zamu yao. Hili linataka huruma kabla ya karipio.

5. Kanisa lisafishe nyumba yake kwanza.

Mambo matatu yanaondoa nguvu ya neno lolote litakalosemwa mimbarani.

La kwanza ni droo za kanisani. Kamati ya ujenzi huchapisha tiketi, zawadi ikawa pikipiki au mbuzi, na waumini wakahimizwa kununua nyingi wawezavyo. Kusudi ni jema na kiasi ni kidogo, na kwa kipimo cha Katekisimu huenda pasionekane dhambi. Lakini kijana wa benchi la mwisho anaona jambo moja tu: kanisa likihitaji paa, nalo hubahatisha. Muumini anayetoa kwa ajili ya nyumba ya Mungu afundishwe kutoa bila kutazamia pikipiki. Sadaka iliyofungwa na zawadi imeshapoteza nusu ya usadaka wake.

La pili ni mahubiri ya kupanda mbegu. Muumini huambiwa kwamba akitoa elfu kumi, Mungu atamrudishia laki moja kabla ya mwezi kwisha, na asipopata huambiwa imani yake ilipungua, apande tena. Ahadi ya kidogo kurudi kikubwa kwa haraka, lawama kumwangukia aliyekosa, na mwito wa kujaribu mara nyingine: mambo hayo matatu ndiyo bahati nasibu yenyewe, ikiwa imevishwa joho. Mtu aliyefundishwa hivyo Jumapili hawezi kuona ubaya wa namba za Jumatatu. Hatashangaza mtu akimwomba mchungaji auombee mkeka wake, au akatafuta namba katika ndoto zake. Wachungaji wenye dhamiri wanapaswa kulikataa fundisho hili hadharani, hata kama anayelihubiri ni mwenzao anayejaza viwanja.

La tatu ni fungu la kumi la ushindi. Aliyeshinda huja na bahasha, kanisa likashangilia, ushuhuda ukatolewa mbele ya watoto. Makuhani wakuu waliomnunua Yesu kwa Yuda walikuwa na makosa makubwa, lakini hata wao walikataa kuziweka zile fedha katika hazina ya hekalu, wakanunulia uwanja wa kuzikia wageni. Kanisa la Kristo lisiwe na koo pana kuliko wao. Mshindi aliyeguswa aongozwe faraghani: alipe madeni yake, awatunze anaowategemeza, na kinachozidi akipeleke kwa wagonjwa na yatima bila jina lake kutangazwa.

6. Kanisa la kusini limeshawahi kufanya lililo gumu kuliko hili.

Makanisa yanayoandikiwa yana urithi wa kutosha. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakaanza maisha mapya kwa jembe. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuteketea katika Vita vya Majimaji, Wabenedikto walianza Ndanda. Walijenga kwa desturi yao ya sala na kazi: hospitali, shule, karakana, kiwanda cha uchapaji. Hakuna hata kimoja kilichotokana na bahati. Muumini wa Ndanda anayefundishwa kwamba kazi ni sehemu ya ibada hafundishwi jambo geni, anakumbushwa alikozaliwa.

Mfano unaofaa zaidi ni wa William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926. Wamisionari wengi wa wakati wake walipiga marufuku jando na kuishia hapo, vijana wakaenda porini kwa siri. Lucas alikaa na wazee, akachuja, akaliingiza jando katika maisha ya Kanisa: vijana wakafundwa wakiwa na padre pamoja na ngariba na walezi wao, wakarudi wakiwa wanaume na Wakristo. Mtu anaweza kubishana na baadhi ya maamuzi yake. Lakini alielewa kwamba kijana haachi kitu kwa kukatazwa tu. Anaacha anapofundwa na mtu aliyekaa naye. Vibanda vya kubeti vya leo vimechukua nafasi ya mahali ambapo vijana wa kiume hukutana, huhesabiana, hutaniana na kujiona watu wazima. Kanisa lisilo na mahali pengine pa kuwapa halitawatoa pale kwa tangazo la Jumapili.

7. Majirani Waislamu na nchi jirani.

Kutoka Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa mto Ruvuma, Wakristo ni wachache kati ya Waislamu. Qurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na ulevi kuwa uchafu wa kuepukwa, na masheikhe hawalizungushi jambo hilo. Ni aibu kwa Mkristo kuonekana mbele ya jirani yake kama mtu ambaye dini yake haina neno juu ya jambo linalobomoa nyumba zote mbili. Hapa pana nafasi ya kusimama pamoja na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) bila mtu kupunguza imani yake hata chembe.

Serikali za jirani nazo zimewahi kuchukua hatua. Januari 2019 ilitangazwa nchini Uganda kwamba Rais Museveni ameagiza kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni. Julai mwaka huohuo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Hatua hizo zilikuwa na mapungufu, na biashara imeendelea. Zinaonyesha tu kwamba wasiohubiri Injili waliona madhara na wakasema. Kwa upande wa Tanzania, Simba na Yanga zilianza kuvaa jina la kampuni ya kubeti kifuani mwaka 2017, na mtoto anayevaa jezi ya timu yake kwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona amelibeba tangazo hilo kabla hajajua kusoma vizuri.

8. Yanayoombwa.

Kwanza, maaskofu na viongozi wa madhehebu yote ya mkoa watoe waraka mmoja wa pamoja kuhusu michezo ya kubahatisha, kwa Kiswahili chepesi, wenye majibu ya maswali ya kura, ya mvuvi na ya Katekisimu. Usomwe makanisani mwezi Septemba, kabla minada ya korosho haijafunguliwa.

Pili, droo za kuchangia ujenzi zikomeshwe katika parokia, mitaa na sharika zote, na michango au ufadhili wowote wa kampuni za kubeti ukataliwe, hata kama ni kwa ajili ya mpira wa vijana wa kwaya.

Tatu, somo la mali na kazi liingizwe katika mafundisho ya Kipaimara, ya ndoa na ya jumuiya ndogondogo, pamoja na hesabu zake. Katekista anayefundisha amri ya kutotamani anaweza kuandika ubaoni hesabu ya mkeka wa mechi kumi.

Nne, wanaoshindwa kuacha wapokelewe kama wanavyopokelewa wanaoshindwa kuacha pombe. Wapo wanaume waliouza chombo na nyavu, na wanawake waliokopa kwenye simu ili warudishe walichopoteza. Wasitengwe kwanza. Padre au mchungaji amsikilize mtu, amhusishe mke au mume wake, amsaidie kupanga kulipa madeni, amwunganishe na kikundi cha kuweka na kukopa ambamo buku la kila siku litaonekana likikua.

Tano, viongozi waandike kwa halmashauri na kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kudai mashine ziondolewe karibu na shule, masoko na nyumba za ibada, na kila mashine isiyo na leseni kijijini iripotiwe kwa mwenyekiti wa kijiji bila kuoneana haya. Waumini wenye vibanda hivyo wako makanisani, wengine ni wazee wa kanisa. Nao wafuatwe, waambiwe ukweli, wasaidiwe kutafuta biashara nyingine.

Ombi la sita ni dogo na linaweza kutekelezwa Jumapili hii. Anayesimama kuhubiri asiishie kusema kubeti ni dhambi. Amwambie yule wa benchi la mwisho kwamba shilingi anayotumaini kushinda imetoka kwa mama mchuuzi wa Mikindani, na kwamba Bwana anayemwamini hakumwita aishi kwa hasara ya mama huyo.